Jembe, Nyumba na Kura ya Hapana



Mwaka jana, katika semina ya idara yetu, mwenzangu mmoja alitamka kwamba anayepiga kura ndani ya mfumo mbovu anaupigia mfumo huo muhuri. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi sikupiga, na kauli ile imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Historia ya chama kimoja mnaijua, sitawachosha nayo. Shida yangu ni huo muhuri.

Mwenzangu anaipa kura kazi moja tu, kumwondoa mtawala. Ikishindwa, basi ni karatasi. Twende Tanzania Bara, 1965. Chama cha TANU kiko peke yake. Mkutano wa wilaya unapendekeza majina, Halmashauri Kuu ya Taifa inachuja, wanabaki wawili: mmoja anapewa alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Mniwie radhi, hapa nitakawia, maana sina waraka ninaoupenda kama karatasi ile ya kura. Asiyejua kusoma anaielewa mara moja. Wagombea wake wana kadi ya chama kimoja, wanapanda jukwaa moja, wamekatazwa kutaja kabila, dini wala rangi, na lugha ya kampeni ni Kiswahili tu. Wagombanie nini basi? Nawaona wakitambiana: nyumba inaliwa? Na wewe jembe lako utalilaza wapi, mvuani? Ukishaondoa sera na chama, anabaki mtu mwenyewe, na wapiga kura wakampima huyo mtu.

Ndivyo Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mjenzi wa ushirika wa pamba Kanda ya Ziwa, alivyoangushwa huko kwao Mwanza. Mwenzangu atacheka: si alirudi bungeni kwa kuteuliwa, tena waziri? Alirudi, na jambo hilo linaiuma hoja yangu. Lakini aliingia kwa mlango wa Rais baada ya watu wa Mwanza kumfungia wao, na milango hiyo haijawahi kulingana.

Kisha mwenzangu anijibu swali moja. Kama kura ya mfumo mbovu si kitu, kwa nini KANU, chama pekee cha Kenya, ilihangaika kuliondoa sanduku la kura katika mchujo wa 1988? Watu walipangwa mlolongo, kila mmoja nyuma ya mgombea wake au wakala wake, na aliyevuka asilimia 70 alipita bila kurudi kwa wapiga kura. Palepale mlolongo mfupi ukatangazwa mrefu. Mtu hahangaiki hivyo kwa kitu kisicho na uzito. Na wizi ule ulijulikana kwa sababu watu walikuwa wamesimama pale juani, wakahesabiana kwa macho. Waliobaki nyumbani hawakuwa na cha kushuhudia.

Kususa nako kuna heshima yake, sikatai. Ila aliyesusa huhesabiwa pamoja na mgonjwa, msafiri na mvivu.

Namaliza Pemba. Mwaka 1985 ami yangu alikuwa karani wa uchaguzi. Jina la mgombea urais wa Zanzibar lilikuwa moja, Idris Abdul Wakil. Ulichagua Ndiyo au Hapana. Ami alinisimulia chumba cha kuhesabia: taa ya karabai, wadudu wakijigonga kwenye kioo, lundo la Hapana likipanda, na wakubwa waliokuja wakizungumza wakinyamaza mmoja mmoja. Wakil alishinda, kama ilivyopangwa, lakini kwa takriban asilimia 60 tu, naye hakuwa na mpinzani. Mwaka 1990 hakugombea tena. Sidai kwamba Hapana zile peke yake ndizo zilizomstaafisha. Nasadiki tu kwamba zilisomwa, tena na wale hasa waliotakiwa kuzisoma.

Nilimuuliza ami yeye alipiga ipi. Alikuwa anachambua karafuu, hata hakuinua kichwa.

“Mwanangu,” akasema, “kura ni siri.”