Maji Hayaishii Ukutani: Mambo ya Kuuliza Kabla Mtaa Mpya Haujaidhinishwa

Hotuba kwa vikao vya wadi kuhusu maombi ya ujenzi wa mitaa ya makazi



Tangazo la ujenzi linapobandikwa kwenye shamba lolote kati ya Mtwapa na Malindi, swali la kwanza la majirani huwa ni nani amenunua. La pili ni nyumba zitauzwa pesa ngapi. Swali la maji huja mwisho, mara nyingi baada ya masika ya kwanza, wakati ua wa mtu umegeuka bwawa na jirani mpya amekwisha kujenga. Wakati huo marekebisho ni ghali kwa kila mtu, kaunti ikiwemo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mfano ni mtaa wa nyumba 200, kila paa likiwa na mita 100 za mraba. Siku moja ikinyesha milimita 50, jambo ambalo si ajabu hapa Pwani mwezi wa Mei, mapaa hayo peke yake yatamwaga lita milioni 1. Hayo ni maboza 100 ya lita 10,000. Barabara za kabro na maegesho ya magari bado hazijahesabiwa. Shamba lilipokuwa na minazi na mikorosho, sehemu kubwa ya maji hayo ilizama mchangani. Sasa yatatafuta njia kwa saa chache, yakielekea kwa aliye chini.

Kuna mtindo ambao umezoeleka. Mstawishaji humwaga kifusi hadi ploti ikainuka, kisha huizungusha ukuta wa mawe. Kwake ni kukavu. Michoro yake nayo haina dosari, maana karatasi inaishia ukutani. Lakini mkondo uliokuwa ukipita pale umezibwa, na kwa kuwa hukauka sehemu kubwa ya mwaka, mgeni hawezi kuutambua. Ndiyo sababu maofisa wanaopitia maombi wanamhitaji mkazi wa siku nyingi. Mzee anayekumbuka maji ya El Niño ya 1997 yalipita wapi, au yale ya mwishoni mwa 2023, ana habari ambayo huenda haimo kwenye mchoro wowote uliowasilishwa.

Upande wa pili ni maji ya kutumia. Nyumba hizo 200 zikiwa na watu watano watano, kila mmoja akitumia lita 100, mtaa utahitaji lita 100,000 kila siku. Mabomba ya ukanda huu hutegemea sana visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, ambavyo pia hulisha Mombasa, na wakazi wanazijua siku ambazo mfereji hautoi kitu. Mwombaji akisema atachimba kisima chake, jawabu bado halijatimia. Chini ya sehemu kubwa ya ukanda wa bahari kuna mwamba wa matumbawe wenye matundu, na maji matamu yaliyomo huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Pampu ikivuta kupita kiasi, maji ya chumvi hupanda, na visima vya majirani navyo vinaweza kugeuka chumvi. Kibali cha kutumia maji ya kisima kirefu hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Mkazi anaweza kuuliza kama kimeombwa, na ni kwa lita ngapi.

Matundu hayo hayo hupitisha maji ya choo. Mtaa mkubwa useme wazi maji taka yatasafishwa wapi na jinsi gani. Kusema boza litakuja kunyonya ni ahadi tu, si mpango.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Jedwali la Nne limeipa kaunti kazi ya kusimamia maji ya mvua maeneo yaliyojengwa. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 nayo inamtaka mwombaji aujulishe umma na kuukaribisha utoe pingamizi. Sheria hiyo inaibana kaunti pia: mwombaji asipojibiwa kwa siku 60, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Faili ikilala mezani, imepita. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya uhusiano wa mipango ya ardhi, na siku hizo zinahesabiwa tangu uamuzi, si tangu trekta lifike.

Pingamizi inayosema tu “hatutaki nyumba” haifiki mbali, tena watu wanahitaji nyumba. Yenye nguvu ni ile inayoonyesha maji yalipita wapi, kisima cha jirani kiko hatua ngapi kutoka mpakani, na picha ya mafuriko yenye tarehe. Kisha itaje linalotakiwa: mkondo uachwe wazi, mapaa yawe na matangi, pawe na bwawa la kuzuia maji kwa muda, na mtaro ufike hadi kwenye kalvati linaloweza kuyabeba. Mtaro unaoishia barabarani umehamisha shida tu.

Pingamizi iandikwe, ipelekwe ofisi ya mipango ya ardhi kabla ya tarehe iliyo kwenye tangazo, na mkazi abaki na nakala iliyopigwa muhuri.