Kitabu cha Mchota Maji

Ndugu msikilizaji, juma hili nakuomba utafute kitabu. Si kipya. Kilitoka mwaka 1990, kinaitwa Rough Ride, na mwandishi wake ni Paul Kimmage wa Ireland, aliyekuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa kabla ya kuwa mwandishi wa habari.

Kimmage alizaliwa Dublin mwaka 1962 katika nyumba ya baiskeli. Baba yake, Christy, alikuwa mshindani wa ridhaa mwenye sifa nchini humo, na ndugu zake Raphael na Kevin nao walikuwa wa mchezo huo huo. Kwa hiyo anapoyataja maovu ya mbio za baiskeli hasemi ya jirani. Anafunua chungu cha nyumbani kwao, na hilo ndilo lililonifanya nisikiweke chini kitabu hiki.

Paul aliajiriwa na timu ya RMO ya Ufaransa mwaka 1986. Mwaka huo huo alishiriki Tour de France, akamaliza wa 131. Usicheke! Mbio zile ni za wiki tatu, milima juu ya milima, na kila mwaka wapo wasiofika Paris. Tena hakuajiriwa ashinde. Mtu wa namna yake kazi yake ni kumtumikia kiongozi wa timu: kurudi nyuma kwenye gari kuchukua chupa za maji, kumkinga na upepo, hata kumpa gurudumu lake bwana mkubwa akipata pancha. Sisi kwenye televisheni tunamtazama mmoja tu, mwenye jezi ya manjano. Humu anayesema ni mchota maji, na mchota maji huona mengi kwa kuwa hakuna anayemwangalia.

Alichokiona ni dawa. Wala hasimulii kama polisi. Anaonyesha jinsi mtu anavyosogezwa hatua kwa hatua. Kwanza ni sindano ya vitamini, ambayo haikukatazwa. Mwili umechoka, kesho kuna mlima, na wenzako wanachomwa. Ukishaizoea sindano, kuuliza kilichomo ndani yake kunakuwa shida. Paul mwenyewe anakiri kutumia amfetamini katika mashindano madogo ambako hakukuwa na vipimo. Hapo sikumhurumia sana, lakini nilimwamini.

Wafaransa husema mtu kama huyo ameitemea mate supu. Kitabu kilipata tuzo ya William Hill ya kitabu bora cha michezo huko Uingereza, ilhali wengi aliokimbia nao walimgeuzia mgongo. Na tukumbuke Ireland ya wakati ule. Mwaka 1987 Stephen Roche, naye kijana wa Dublin, alitwaa Giro d'Italia, Tour de France na ubingwa wa dunia katika msimu mmoja. Nchi nzima ilikuwa katika sherehe. Nani alitaka habari za sindano? Na nyumbani kwa akina Kimmage, Kevin alikuwa bado anashindana. Mwaka 1991 akashinda Rás, mbio kubwa za kuizunguka Ireland. Kaka ameuanika mchezo hadharani, mdogo mtu bado anakula jasho ndani yake. Jaribu kukaa nao meza moja.

Miaka minane baada ya kitabu, mwaka 1998, gari la timu ya Festina lilikamatwa limejaa dawa. Mwaka 2012 Lance Armstrong alinyang'anywa mataji yake saba ya Tour de France, na Januari 2013 akakiri. Kando ya hayo, vidonge alivyovisimulia Kimmage vinaonekana vitu vya watoto.

Kiingereza chake ni chepesi, ingawa majina ya waendeshaji ni mengi na huenda ukachanganyikiwa mwanzoni, yapite tu. Ukipata toleo la mwaka 2007 chukua hilo, maana ameongeza mambo yaliyotokea baadaye. La zamani nalo si baya, hasa kwa wauza vitabu vya mitumba, ukijua kupatana bei.