Sindano Inaongezwa, Sukari Haishuki: Dozi na Usugu wa Insulini kwa Paka Mwenye Kisukari

Mada kwa semina ya wataalamu wa afya ya wanyama, Songea



Najua wengi wenu hapa kazi yenu ni ng'ombe, nguruwe na kuku, na paka mnayemfahamu ni yule wa kufukuza panya ghalani. Mgonjwa ninayetaka kumzungumzia leo ni mwingine: paka wa mjini, mnene, aliyehasiwa, anayeshinda kwenye kochi na kulishwa ugali uliochanganywa na usipa wa Mbamba Bay.

Mmoja aliletwa kwangu kutoka Mfaranyaki. Dume, miaka tisa, kilo 6. Alikuwa anakunywa maji mpaka ya ndoo ya kudekia, na miguu ya nyuma alikuwa akikanyagia visigino badala ya vidole. Dalili hiyo ya visigino ishikeni, ni neva za miguu zilizoharibiwa na sukari. Mashine ya kupima sukari ilisoma 24 mmol/L. Tukaanza na uniti 1 kila baada ya saa 12, asubuhi na jioni. Wiki ya sita tulikuwa tumefika uniti 7, na mwenye paka akaniambia: "Daktari, hii dawa imegoma."

Nikakubaliana naye haraka mno. Sababu mojawapo ni neno lenyewe. Tukisema usugu, akili inakimbilia kwenye viuavijasumu, kwamba kijidudu kimeizoea dawa. Kwenye insulini hakuna kijidudu. Dawa ni ileile. Kuna kitu ndani ya mwili wa paka kinachoizuia isifanye kazi, na mara nyingi kitu hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Ukiongeza dozi bila kukitafuta, siku kitakapoondoka dozi kubwa itabaki peke yake na paka.

Ndivyo ilivyotokea. Wiki chache kabla ya kuja kwangu, paka yule alikuwa amechomwa mahali pengine sindano ya steroidi, ile ya kukaa mwilini muda mrefu, kwa ajili ya muwasho wa ngozi. Sikuuliza. Steroidi hupandisha sukari na kuikata insulini nguvu. Ilipoisha mwilini, uniti 7 zikawa sumu. Usiku mmoja alikutwa chini ya kitanda akitetemeka, akayumba, kisha akaanguka. Mwenye paka alimpaka asali kwenye fizi kabla ya kunipigia simu, na hilo ndilo lililomwokoa.

Basi turudi kwenye dozi. Paka huanzishwa uniti 1, akiwa mkubwa sana 2, kila saa 12, hata kama sukari inasoma 30. Dozi haiguswi kabla ya siku 5 hadi 7, na ikiguswa ni nusu uniti au uniti 1. Mimi niliongeza kila baada ya siku chache kwa sababu namba ya kliniki ilinitisha. Lakini paka aliyefungwa kwenye kikapu na kupandishwa bodaboda hupandwa na sukari kwa hofu tu. Namba ya kweli iko nyumbani: mfundishe mwenye paka kutoa tone la damu pembeni mwa sikio, apime kila saa 2 tangu sindano ya asubuhi hadi ya jioni. Mashine za binadamu huelekea kusoma chini kidogo kwa damu ya paka, lakini mwelekeo wa siku utauona.

Siku hiyo moja ya kupima hutenganisha mambo matatu ambayo sisi tumeyapa jina moja. Yupo paka ambaye sukari haishuki kabisa mchana kutwa. Huyo ndiye wa kushukiwa usugu. Yupo ambaye inashuka vizuri hadi 6, lakini ikifika saa nane mchana imesharudi juu. Huyo dawa yake ni fupi, na hapa kwetu hutokea sana kwa sababu ile insulini ya rangi ya maziwa ya maduka ya dawa, NPH, haidumu saa 12 kwa paka. Glargine hudumu zaidi, ikipatikana. Wa tatu ni yule anayeshuka chini ya 3.3 bila mtu kumwona, kisha mwili unajitetea na kupandisha sukari hadi 20. Ukimpima jioni tu utamwongezea dawa, naye alihitaji kupunguziwa.

Kuhusu mabomba sitaona aibu kuwa mkali. Insulini ya binadamu tunayonunua ina uniti 100 kwa mililita. Caninsulin ya wanyama ina uniti 40. Ukivuta ile ya 100 kwa bomba la 40 hadi alama ya 2, umemchoma paka uniti 5. Na bomba la mililita 1 mara nyingi lina mistari ya uniti mbilimbili, hivyo uniti 1 unaikisia kwa jicho kati ya mistari. Tafuteni la mililita 0.3.

Joto tunalilaumu kupita kiasi kwamba linaharibu insulini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva ulifuata joto la kambi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya, linalocheza kati ya nyuzi 25 na 37, na insulini ilikaa wiki 4 bila kupoteza nguvu ya maana. Songea si Dadaab. Mimi naogopa zaidi chupa iliyoganda karibu na barafu ya friji, hiyo tupa.

Ikiwa mkono, bomba na chupa viko sawa, na paka bado anahitaji zaidi ya uniti 1 hadi 1.5 kwa kila kilo, sasa tafuta kizuizi. Fungua mdomo uone fizi na meno. Pima mkojo, maambukizi hujificha humo. Uliza kuhusu steroidi kama deksa, na kwa paka jike uliza kama aliwahi kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango ili asiite madume. Na kama ananenepa huku sukari ikiwa juu, uso na nyayo vikipanuka, fikiria uvimbe wa tezi ya pituitari: utafiti wa chuo cha veterinari cha London uliopima paka 1,221 wenye kisukari, uliochapishwa 2015, ulikadiria kuwa mmoja kati ya wanne ana homoni ya ukuaji iliyozidi. Hao huhitaji dozi kubwa kweli.

Paka wa Mfaranyaki tulimwanzisha upya kwa uniti 1. Ugali ukaondolewa, ukabaki usipa na nyama, kidogo kidogo na kwa kupima, maana wanga ukipungua mahitaji ya insulini nayo hushuka ghafla. Leo hachomwi.

Wenzangu wa Mbinga, Namtumbo, Tunduru na Nyasa, na walimu wa LITA Madaba: mkimpata paka wa namna hii, andikeni kwenye kadi yake tarehe ya sindano ya mwisho ya steroidi na aina ya bomba linalotumika nyumbani, kabla hamjamleta kwetu Songea.