Mkumbushe, Usimtahini



Ndugu zangu, nianze kwa kukiri kosa langu. Bibi yetu alipoanza kusahau, mimi nilimgeuza mwanafunzi. "Bibi, mimi ni nani? Jana tulifuturu nini?" Akikosea, namsahihisha. Siku moja akauliza mbona babu hajarudi msikitini. Nikamjibu, "Babu si alikufa zamani!" Alilia kama kwamba jeneza ndiyo kwanza linatoka mlangoni. Kesho yake akauliza tena, nikamjibu vile vile, akalia upya. Nilidhani nasema kweli tu. Kumbe kila siku nilikuwa namfisha tena mume wake.

Maradhi haya huitwa dimenshia. Si uchawi, si jini, wala si ukaidi wa uzee. Ni ubongo unaougua. Aina iliyo nyingi zaidi ni Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliyeieleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na dimenshia. Dawa ya kuiondoa haijapatikana. Lakini angalia hili: mara nyingi ya jana ndiyo hupotea mwanzo, na ya ujanani hukaa.

Hapo ndipo pa kushika. Mwaka 1963 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba mzee kurejea maisha yake si upuuzi, ni jambo la kawaida lenye faida kwake. Baadaye, kwenye nyumba za kutunzia wazee huko Uingereza na kwengineko, ikaenea tiba ya kukumbushana. Wazee wachache hukaa pamoja na mtunzaji wao, wakaletewa picha za zamani, vyombo, nyimbo za ujana wao, wakazungumza. Mwaka 2018 wataalamu walikusanya tafiti 22 za tiba hii. Waliona faida si kubwa, wala si sawa kwa wote. Hata hivyo, waliokaa kwenye nyumba za wazee walionyesha kufaidika zaidi, hasa katika uzuri wa maisha yao.

Sasa sisi, ambao wazee wetu wengi tunao nyumbani, tunangoja nini?

Mletee kanga yake ya zamani. Mnusishe asmini au udi. Mpe mbuzi ya nazi aishike. Usimwulize, "Unakumbuka?" Huo ni mtihani. Mwambie, "Bibi, hebu nieleze harusi za zamani." Akichanganya majina, mwache. Akiingia huzuni, usimburure. Mshike mkono, mgeuze kwenye jengine. Akimwulizia marehemu, mwambie, "Nieleze habari zake." Na ikiwa amechanganyikiwa ghafla, kwa siku moja mbili, mpeleke hospitali. Hiyo yaweza kuwa homa au maradhi mengine yenye dawa.

Ramadhani moja tulimwekea bibi bakuli la unga wa kaimati. Jina langu halijui. Lakini mkono wake ulichota unga, ukaubana, ukadondosha kaimati moja baada ya moja, zote sawa. Akacheka, akaanza kusema juu ya mamake jikoni. Tulikaa naye mpaka adhana.

Suratu Nahl, aya ya 70, yawataja watu wanaorudishwa kwenye umri dhaifu, wasijue baada ya kujua. Na Suratul Israai, aya ya 23, yatukataza hata kuwagunia wazazi waliofikia uzee kwetu. Basi ujuzi ukimtoka yeye, adabu isitutoke sisi.

Futari ya leo, kabla ya kukimbilia tarawehe, keti naye robo saa. Simu iache chumbani. Huenda kesho asikumbuke kuwa ulikuja, lakini ile furaha yaweza kubaki naye hata baada ya maneno kupotea.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, na atupe subira ya kuwatunza. Wabillahi tawfiq.