Genge la Ufipa na Zilzala ya 1910

Tarehe 13 Desemba 1910, zama za utawala wa Wadachi, zilzala kubwa iliitikisa nchi ya Rukwa na majirani zake, na wataalamu walioikadiria baadaye wakaipa kipimo cha 7.4, ambacho ni matetemeko machache mno yaliyopata kukifikia katika Afrika Mashariki tangu mitambo ya kupimia ilipoanza kutumika. Walioishuhudia wametangulia mbele ya haki, na kwa kuwa siku zile majumba ya mawe na matofali yalikuwa haba, hayakubaki magofu mengi ya kuwakumbusha wajukuu. Ndipo ikazoeleka kauli ambayo mimi naiona ya hatari kubwa, kwamba huku kwetu tetemeko la kubomoa miji halijapata kuonekana.

Ithibati ya kinyume chake imesimama hadharani. Juu ya nyanda za Ufipa, magharibi ya bonde la Rukwa, unapita ufa uitwao Kanda, ulio jirani na mji wa Sumbawanga na wenye urefu uzidio kilomita 100, na kandokando yake limeinuka genge ambalo mahali pengine lina kimo cha makumi ya mita. Zilzala moja, hata ingekuwa kali namna gani, aghalabu haiinui ardhi ila kwa mita chache; basi genge la kimo hicho ni kazi ya zilzala nyingi zilizofuatana kwa maelfu ya miaka, na kwa kuwa mvua hulimomonyoa genge lo lote kidogo kidogo, ukali wa ukingo wake ni dalili kwamba kazi hiyo haijakoma.

Ili kuzijua nyakati za zilzala hizo, wajiolojia huchimba handaki linaloukata ufa, wakausafisha ukuta wake, kisha wakayakalia matabaka ya udongo kama kadhi awakaliavyo mashahidi: tabaka lililokatika lilikuwapo kabla ya ardhi kutikisika, na lile lililolala juu yake likiwa zima lilitandazwa baadaye, na vipande vya makaa vinavyookotwa katika yote mawili, vikishapimwa kaboni yake, hutoa tarehe ambazo katikati yake zilzala ilitokea. Ni kazi ya subira, nami sijui elimu nyingine inayostahili heshima zaidi kwa wanaoishi juu ya Bonde la Ufa.

Karatasi nazo ni mashahidi. Marehemu Nicholas Ambraseys wa London, aliyeichunguza zilzala ya Rukwa na kadhalika ile ya Subukia nchini Kenya, ya tarehe 6 Januari 1928, yenye kipimo cha 6.9, ambayo iliipasua ardhi kwa urefu wa kilomita 38 hivi, alizikusanya barua, taarifa na magazeti ya wakati ule, kwa sababu mitambo ilikuwa michache na ya mbali mno.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Ikiwa pande mbili za ufa zaachana milimita 2 tu kwa mwaka, miaka 1000 ya ukimya huweka akiba ya mita 2, nazo zaweza kulipwa kwa nukta chache. Hivyo umri wa babu na mjukuu kwa pamoja hautoshi kuwa hoja ya usalama. Huko Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la 5.9 liliua watu na kubomoa maelfu ya nyumba, na shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Na ile ya Rukwa, kwa nguvu iliyotolewa, ilizidi hiyo zaidi ya mara 150.

Kwa hiyo nawasihi waheshimiwa wa halmashauri, kabla ya kuidhinisha ramani ya shule, hospitali au bwawa, waulize kwanza ufa ulio hai unapita wapi, na wasikubali jengo la umma kusimama juu yake. Na ninyi wenye barua, shajara au masimulizi ya wazee juu ya mwaka ule wa 1910, msiyaache yakaliwa na mchwa: yapelekeni katika Nyaraka za Taifa, au katika chuo kikuu kilicho karibu nanyi.