MTAA MPYA UFUATE ARDHI
(Maneno ya ndugu mmoja wa reli katika mkutano wa tawi, Nairobi)



Nimeombwa niseme habari ya ramani ya nyumba mpya, ambayo Halmashauri yetu inatakiwa kuijibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nimeitazama. Ni ramani safi, mistari imenyooka, nyumba zimepangwa kama mabehewa stesheni. Lakini nilikwenda uwanjani kwa miguu, nikaona jambo ambalo karatasi haionyeshi. Vigingi vya safu ya nne vimepigwa ndani ya bonde lenye matete. Matete hayaoti mahali pakavu, ndugu zangu.

Reli ilipofika hapa mwaka 1899 palikuwa na kinamasi, na jina la Nairobi ni la Kimaasai, maana yake maji baridi. Wakubwa walijenga kilimani, kwenye udongo mwekundu unaopitisha maji. Wafanya kazi wakapewa upande wa chini. Huko mashariki udongo ni mweusi: ukilowa hufura, ukikauka hupasuka, na ukuta usio na msingi mzuri hupasuka nao. Tena mito ya Nairobi, Mathare na Ngong yote inateremkia huko. Mwezi wa Aprili 2024 mliona wenyewe jinsi mafuriko yalivyochukua nyumba na watu.

Sisi tunajua kazi ya tuta. Penye korongo huwekwa kalvati, hata likiwa kavu kama mfupa, kwa kuwa masika yatakuja. Ukiziba, tuta linaondoka na treni haipiti. Kwa nini nyumba ya mtu ijengwe kwa akili ndogo kuliko tuta?

Mimi niliwahi kukaa chumba kilichojengwa juu ya mfereji wa zamani uliofukiwa. Usiku mmoja maji yalipanda kutoka chini ya sakafu, si mlangoni. Mtoto wetu alikuwa amelala mkekani, tukamwinua amelowa. Asubuhi nilikwenda kazini, na mwisho wa mwezi kodi ilikatwa vile vile.

Wengine watasema kuacha nafasi ni anasa. Nendeni Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika. Nyumba zimezunguka viwanja vyenye miti, na ukumbi uko katikati. Sisemi kila kitu pale ni kizuri, lakini mtoto anapata kivuli.

Basi naomba Halmashauri ijibu hivi. Safu ya nne iondoke bondeni, na bonde liwe uwanja wa mpira na shamba la mboga. Mitaro ifuate mteremko. Ile mikuyu miwili isikatwe. Na njia ya miguu wanayopita akina mama kwenda sokoni ifanywe barabara, maana wataipita tu, hata ikiwekwa seng'enge.

Kwa hesabu yangu tutapoteza nyumba kumi na mbili. Najua wako ndugu waliongoja miaka mingi, na kwao neno hili ni chungu. Jina langu pia limo katika orodha hiyo. Labda nusu ya nyumba hizo zinaweza kuhamishwa upande wa juu, mahali palipowekwa maegesho ya magari ambayo wengi wetu hatuna.

Jumapili baada ya kanisa, saa nane, tukutane pale penye kalvati. Mmoja alete jembe. Tutachimba katika safu ya nne tuone maji yako kina gani, na barua tutaiandika jioni ile ile.