Kabla ya Mtaji, Tafuta Mjuzi

(Nasaha iliyotolewa kwa vijana na familia zao, Kathonzweni)



Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango, najua mnaangalia saa na futari haiko mbali. Nimepewa mada ya biashara ndogo ndogo. Fadhila za biashara mmezisikia kila Ramadhani, sitazirudia. Nina jambo moja tu la kuwaambia: kabla hujaenda kutafuta pesa, mtafute anayeijua hiyo kazi.

Mnakijua kile kisa cha Answari aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) kuomba, kilichopokewa na Abu Daud. Aliulizwa nyumbani kwake kuna nini. Akasema kuna tandiko na bakuli la kunywea maji. Vikaletwa, vikanadiwa, vikauzwa dirhamu mbili. Dirhamu moja ikanunua chakula cha nyumbani, ya pili ikanunua shoka. Hapo ndipo wengi wetu tunapoishia tukisimulia. Lakini angalieni kilichofuata. Mtume mwenyewe alilitia lile shoka mpini kwa mkono wake, akamwambia akakate kuni auze, na asimwone kwa siku kumi na tano. Yule bwana akarudi na dirhamu kumi. Hebu fikirini: mtaji ulitoka ndani ya nyumba ya mtu mwenyewe. Alichopewa ni maelekezo, chombo kilichotengenezwa sawasawa, na siku ya kurudi kutoa hesabu. Sisi siku hizi tunataka dirhamu tu. Mpini hatuuulizi, na ile siku ya kumi na tano tunaikimbia kabisa.

Sasa niwakumbushe wale kware. Mwaka 2013 kuingia 2014, Kenya nzima ilishikwa na homa ya kware. Yai moja dogo kama kokwa liliuzwa makumi ya shilingi. Watu waliuza mbuzi, wengine waliacha kazi, wakajenga mabanda na kufuata leseni kwa shirika la wanyamapori. Haikuchukua muda bei ikaanguka, na mayai yakakosa mnunuzi. Nani aliwashauri? Wengi walishauriwa na yule yule aliyekuwa akiwauzia ndege wa kuanzia! Huyo si mtaalamu, huyo ni muuzaji. Ukitaka kumjua mtaalamu wa kweli, angalia kama anaweza kukwambia "usifanye" bila yeye kupoteza kitu. Afisa wa kilimo akikwambia shamba lako halifai, mshahara wake uko pale pale. Muuza vifaranga hawezi.

Haya, turudi hapa kwetu. Kathonzweni tuna nini? Tuna ndengu. Hizi hizi ambazo zikifika Mombasa huitwa pojo na kupikwa kwa nazi. Zao letu kubwa hutokana na mvua za mwisho wa mwaka, tunavuna Januari na Februari, na miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia Februari na Machi. Soko na mavuno vimekutana mlangoni. (Haitadumu hivyo, manake mwezi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka.)

Tuseme kijana wa hapa ananunua gunia la kilo 90 kwa shilingi 80 kilo. Hiyo ni 7,200. Kulileta nyumbani, 300. Anapembua, anatoa mawe na zilizotobolewa, anabaki na kilo 86. Anafunga nusu kilo nusu kilo, pakiti 172. Karatasi na kibandiko ni shilingi 8 kila pakiti, jumla 1,376. Gharama yote ni 8,876. Anauzia maduka kwa shilingi 60 pakiti, anapata 10,320. Faida 1,444. Kijana anafurahi, anataka mkopo wa magunia kumi.

Mjuzi wa biashara akiletewa hesabu hiyo atauliza maswali mawili tu. La kwanza: mlipembua siku ngapi, na mlikuwa wangapi? Siku nne, mimi na dada yangu. Basi kila mmoja amepata kama shilingi 180 kwa siku. La pili: maduka yamelipa? Yamelipa, ila moja lilichukua pakiti 24 kwa deni. Pakiti 24 mara 60 ni 1,440. Ndugu yangu, faida yako iliyobaki mkononi ni shilingi nne! Na ungechukua mkopo wa magunia kumi ungezidisha shimo mara kumi.

Mjuzi hataishia hapo, kama ni mjuzi kweli. Atakwambia ufunge kilo moja badala ya nusu, pakiti zitakuwa 86 na utaokoa shilingi 688 za karatasi. Atakwambia uuzie maduka matatu yanayolipa taslimu, uyaache kumi yanayoandika daftarini. Atakwambia kuna magunia yasiyopitisha hewa, ambamo wadudu wanaotoboa ndengu hufa kwa kukosa pumzi, bila dawa. Kwa hiyo huna haja ya kuuza zote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Haya hayataki digrii, lakini yanataka umkute mtu aliyeyaona.

Wako wapi hao watu? Karibu kuliko mnavyodhani. Afisa wa kilimo wa wadi analipwa kwa kodi yetu, mtafuteni. Kituo cha utafiti cha KALRO kiko Kiboko, humu humu Makueni, na kingine Katumani karibu na Machakos. Wazee hapa wanazijua ndengu za "nailoni" na "anko". Katumani wametoa mbegu mpya, mojawapo waliiita Biashara. Sijui mnataka ishara gani zaidi! Makindu kaunti imejenga kiwanda cha nafaka, na Kalamba kiko kile cha matunda kilichoanza 2017. Hata kama huna cha kuwauzia, nenda uulize wanakubali bidhaa ya namna gani na wanakataa ipi. Swali hilo ni bure na jibu lake ni darasa. Kwa wenye mashine na ufundi liko shirika la Kenya Industrial Estates, lipo tangu 1967, na kazi yake ni pamoja na ushauri, si kukopesha peke yake. Na kuna MSEA, mamlaka ya biashara ndogo iliyotokana na sheria ya 2012.

Dada zetu wengi wanataka biashara ya chakula: muthokoi wa kufunga, unga, sambusa. Mashallah. Lakini hapa naomba mnisikilize vizuri, wazazi pia. Mwaka 2004, Makueni na Kitui, watu walikula mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu ya aflatoksini. Wagonjwa 317 walihesabiwa, na 125 wakafa. Mahindi yale mengi yalitoka mashambani kwetu wenyewe, yalihifadhiwa yakiwa hayajakauka. Kwa hiyo mtaalamu wa chakula si wa kukupambia kibandiko. Unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na hilo halipimwi kwa jino, liko na kipimo chake. Afisa wa afya wa umma atakueleza cheti unachohitaji, na ukitaka kuingia maduka makubwa utahitaji alama ya ubora ya KEBS. Wengi wanawakimbia watu hawa kama polisi. Wafuateni mapema, kabla ya kupika hata sufuria moja, muone watakavyowasaidia.

Akina dada mkiona haya kuingia ofisini, nendeni wawili wawili, au mzee wa nyumbani awasindikize. Hakuna aibu kuuliza.

Pesa sasa, najua ndiyo mliyoingojea. Mfuko wa Uwezo ulipoanzishwa 2013 ulipangwa bila riba, ila ada ya usimamizi ya asilimia 3, na kikundi kingeweza kupata kuanzia shilingi 50,000 mpaka 500,000. Na angalieni sharti lake: kikundi kifunzwe kwanza, ndipo kiombe. Waliotunga walijua. Hustler Fund ya 2022 ilikuja na asilimia 8 kwa mwaka, na hapo Muislamu ana swali la kumuuliza sheikh wake kabla ya kubonyeza simu. Mimi si mufti. Benki zinazofuata sharia zipo nchini, Gulf African ilifungua milango 2008, lakini nao watakuuliza hesabu ile ile ya pakiti na deni. Na mtu akikwambia lete elfu mbili nikujazie fomu ya serikali, mwache. Usimpe.

Wazazi, neno moja kwenu. Mtoto akisema anataka kuuza ndengu msimjibu kwamba fulani yuko Nairobi anavaa tai. Muulizeni: umeongea na nani anayeijua? Akiwa hana jibu, msimpe pesa ya mbuzi. Akiwa na jibu, mpeni ya mbuzi mmoja, si wote.

Tumekubaliana na viongozi wa vijana hivi: Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, baada ya swala, kila mwenye wazo aje na daftari. Ukurasa mmoja unatosha. Andika unanunua kwa ngapi, unauza kwa ngapi, nani atalipa taslimu, na jina la mjuzi uliyemwendea. Wasio na mjuzi tutawatafutia wa kumwendea wiki hiyo hiyo, halafu tutakutana tena baada ya siku kumi na tano.

Wabillahi Tawfiq. Wassalaam Alaykum.